Mali Bila Daftari: Jibu la Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi Liandikwe Hadi Mwisho

Tuseme ni siku ya kliniki. Mwanamke mwenye umri wa miaka 38, mama wa watoto wanne, amekuja kupima mlango wa kizazi kwa mara ya kwanza. Muuguzi anapaka asidi ya siki, anasubiri dakika moja, kisha anaona doa jeupe lenye kingo zilizo wazi. Jibu ni chanya. Siku hiyo mtungi wa gesi ya tiba mgando ni mtupu. Muuguzi anamweleza mama kwa upole kwamba arudi baada ya wiki mbili, kisha anaandika katika rejesta: “VIA +”. Safu ya matibabu inabaki wazi. Safu ya tarehe ya kurudi nayo inabaki wazi. Namba ya simu haiandikwi, kwa kuwa simu anayoitumia mama ni ya jirani. Mwisho wa mwezi mstari ule unaingia katika taarifa: mwanamke mmoja amepimwa, mmoja amekutwa na jibu chanya. Taarifa inatumwa kwa wakati na kituo kinapongezwa.

Mama hakurudi. Hakuna aliyejua kwamba hakurudi, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa akitarajiwa.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini mhudumu wa afya aliyewahi kufungua rejesta ya uchunguzi atakiri kwamba mistari ya aina hiyo si migeni kwake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kliniki zetu, mali inayopotea kwa namna hiyo ni uhai. Hoja yangu katika makala haya ni moja: jibu lisilo la kawaida la uchunguzi wa mlango wa kizazi halijakamilika siku linapotolewa. Linakamilika pale linapoandikwa kwa maneno yaliyo sahihi, likapewa msimbo usiouzidi ushahidi uliopo, likafikishwa kwa mwenyewe, na hatua inayofuata ikapewa tarehe na mtu wa kuifuatilia. Pungufu ya hapo, tumefanya kipimo lakini hatujafanya uchunguzi.

Muda tunaopewa na ugonjwa

Saratani ya mlango wa kizazi hutokana, karibu katika visa vyote, na maambukizi ya muda mrefu ya kirusi cha HPV. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili yenyewe. Yale yanayobaki huweza kuzibadilisha seli polepole, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya mabadiliko hayo kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama vile anayeishi na VVU bila matibabu, muda huo unaweza kufupika hadi miaka 5 au 10.

Ni saratani chache zinazotupa muda mrefu kiasi hicho wa kuzizuia. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika kuwa nayo duniani na wapatao 350,000 walifariki, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa nchini kote tangu mwaka 2018, nayo itawalinda mabinti zetu. Mama zao, ambao umri wa chanjo uliwapita, tegemeo lao kubwa ni uchunguzi.

Sasa tuulize: miaka 15 ya fursa ina faida gani kama hakuna anayekumbuka? Muuguzi aliyeliona doa lile anaweza kuhamishwa kituo mwakani. Mama anaweza kuhamia mkoa mwingine. Kumbukumbu ya binadamu haihimili miaka hiyo yote, na kilichobaki ni maandishi. Kwa ugonjwa unaokwenda polepole namna hii, uandishi ni sehemu ya tiba.

Jibu la kipimo si utambuzi wa ugonjwa

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kuchanganya mambo mawili: jibu la kipimo na utambuzi wa ugonjwa. Kipimo cha uchunguzi hutenganisha wanawake wanaohitaji kuangaliwa zaidi na wale wasiohitaji kwa sasa. Hakisemi kwamba mtu ana saratani. Kwa msomaji ambaye si mhudumu wa afya, jambo hili ni muhimu kulishika: jibu chanya la HPV lina maana kwamba kirusi kimeonekana, jibu chanya la siki lina maana kwamba kuna eneo lililobadilika rangi, jibu lisilo la kawaida la kipimo cha Pap lina maana kwamba seli zilizokwanguliwa hazifanani na seli za kawaida. Hakuna hata moja kati ya haya linaloitwa saratani. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua kinyama na kukipima katika maabara ya patholojia.

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi, maarufu kama ICD-10, umeiheshimu tofauti hiyo, nao unaweza kusomwa kama ngazi. Mwanamke asiye na dalili anayekuja kupimwa tu hupewa msimbo Z12.4, wenye maana ya uchunguzi maalumu wa kutafuta uvimbe wa mlango wa kizazi. Kipimo cha Pap kikionesha seli zisizo za kawaida, msimbo ni R87.6. Kinyama kikithibitisha mabadiliko madogo ya seli, yaani CIN 1, msimbo ni N87.0, yakiwa ya wastani, yaani CIN 2, ni N87.1. CIN 3 huingia D06, kundi la saratani ambayo bado haijapenya tabaka la juu la seli. Saratani iliyokwisha kupenya ndiyo pekee yenye haki ya kuitwa C53.

Tazama jinsi neno moja linavyoweza kumhamisha mtu. Mpatholojia akiandika “mabadiliko makali ya seli” bila kutaja CIN 3, mwenye kuweka msimbo atakwenda N87.2, katika sura ya magonjwa ya mfumo wa mkojo na uzazi. Akiandika “CIN 3”, mwanamke yule yule mwenye kinyama kile kile atakwenda D06, katika sura ya uvimbe na saratani. Seli zake hazikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni neno la daktari. Mtunza kumbukumbu hana darubini. Anachokiona ni karatasi tuliyomwandikia. Kumlaumu kwa msimbo mbovu ilhali maelezo yetu yalikuwa nusu si uungwana.

Kuzidisha na kupunguza

Makosa ya misimbo huenda pande mbili, na kila upande una mwathirika wake.

Upande wa kwanza ni kuzidisha. Mhudumu anaandika “saratani ya mlango wa kizazi” au C53 kwa mwanamke aliyekutwa na doa jeupe tu, pengine ili rufaa yake ipokelewe haraka, pengine kwa hofu kwamba dai la bima litakataliwa likiwa na msimbo mwepesi. Nia inaweza kuwa njema. Lakini neno hilo likishaingia katika faili halitoki kirahisi. Mama anarudi nyumbani akiwa amebeba hukumu ambayo hakuna maabara iliyoitoa. Huenda akaacha kazi, akauza shamba, au akakimbilia kwa mganga anayemwahidi kumwondolea uvimbe ambao haupo. Takwimu nazo zinachafuka: tunahesabu saratani ambazo hazijathibitishwa, kisha tunashangaa kuona wagonjwa wengi “wamepona” kwa matibabu ya siku moja.

Upande wa pili ni kupunguza, nao hauna kelele. Mhudumu anaandika Z12.4 na kuishia hapo, kana kwamba jibu lilikuwa la kawaida. Au anaandika N72, yaani uvimbe wa mchubuko au wa maambukizi ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndio msimbo alioukariri, na mama anapewa antibayotiki. Mwaka unaofuata anakwenda kituo kingine na uchafu ule ule ukeni, anapewa antibayotiki nyingine. Faili lake linaonesha mgonjwa wa maambukizi ya kujirudia, wala halioneshi popote kwamba kuna siku mlango wake wa kizazi uligeuka mweupe chini ya taa ya muuguzi.

Kati ya pande hizo mbili, kanuni ninayoipendekeza ni fupi: msimbo usitangulie ushahidi, wala usibaki nyuma yake. Kila ushahidi mpya unapopatikana, msimbo ubadilike nao, na ule wa zamani ubaki katika historia ya faili ili anayefuata aone ngazi zilipopandwa.

Kipimo chetu na sanduku lisilokuwepo

Hapa yapo mazingira yetu wenyewe ya kuzingatiwa. Kundi la R87 katika ICD-10 linahusu matokeo yasiyo ya kawaida katika sampuli zilizochukuliwa kutoka viungo vya uzazi vya mwanamke. Liliandikwa kwa kufikiria maabara: kuna kioo, kuna seli, kuna mtu wa kuzisoma. Toleo linalotumika Marekani limeligawa kundi hilo kwa kina zaidi, kiasi kwamba mabadiliko ya seli ya daraja la chini yana msimbo R87.612, ya daraja la juu R87.613, na kukutwa na aina hatarishi za HPV kuna R87.810.

Lakini kipimo ambacho kimebeba mzigo mkubwa wa uchunguzi katika zahanati na vituo vyetu vya afya ni siki. Kipimo cha siki hakichukui sampuli. Kinachoonekana kinaonekana pale pale kwa macho, na baada ya dakika chache weupe hufifia. Kwa hiyo jibu chanya la siki halikai sawasawa katika R87. Ukilazimisha, unasema kuna seli zilizosomwa ilhali hazikusomwa.

Funzo ninalolipata hapa ni kwamba msimbo peke yake hautoshi, na kwa wanawake wetu wengi hautatosha kwa muda mrefu ujao. Pale ambapo sanduku halipo, maneno ndiyo yanayobaki. Alama ya kujumlisha mbele ya herufi tatu haimwambii kitu daktari atakayempokea mama katika hospitali ya rufaa. Anahitaji kujua kama eneo ambamo seli za nje na za ndani za mlango wa kizazi hukutana lilionekana lote. Doa liko upande gani, kwa mfano wa mishale ya saa. Limefunika sehemu kubwa kiasi gani. Limeingia ndani ya mfereji au la. Na kama mhudumu alitilia shaka saratani. Jambo hili la mwisho ni la uhai na kifo, kwa maana mlango wa kizazi unaotiliwa shaka ya saratani haustahili kugandishwa wala kuchomwa kwa joto kituoni. Unastahili kuchukuliwa kinyama. Maneno mawili au matatu yakikosekana katika barua ya rufaa, mama anaweza kutibiwa juu juu huku ugonjwa ukiendelea chini.

“Karatasi haitibu”

Najua jibu la wenzangu. Muuguzi mmoja anahudumia uzazi wa mpango, chanjo, wajawazito na uchunguzi wa saratani, na kila huduma ina rejesta yake. Kumwongezea safu za kujaza ni kumwondoa kwa mgonjwa. Karatasi haitibu, wanasema.

Hoja hii ina ukweli, na sitaki kuidharau. Nami siombi rejesta mpya. Rejesta zetu tayari zina safu za matibabu, rufaa na ufuatiliaji; tatizo ni kwamba mfumo mzima umezoea kuuliza “wangapi wamepimwa?” na hauulizi “yule aliyekutwa na jibu chanya Machi yuko wapi Juni?” Mhudumu hujaza kile anachoulizwa. Msimamizi wa wilaya akija na kuhesabu waliopimwa tu, safu nyingine zitabaki wazi hata tukichapisha rejesta ya dhahabu. Akija na kuomba majina ya wenye majibu chanya ambao mistari yao haijafungwa, zitajazwa.

Mkakati wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa Novemba 2020 unatutaka, ifikapo mwaka 2030, tuwe tumechanja asilimia 90 ya wasichana kabla ya kutimiza miaka 15, tumepima asilimia 70 ya wanawake wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na tumetibu asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa. Lengo hilo la tatu haliwezi hata kupimwa kwa rejesta iliyo wazi nusu. Kama hatujui nani alitibiwa, asilimia tunayoitaja ni ya kubahatisha.

Jibu ni la nani?

Kuna hatari nyingine, ambayo hata nchi zenye mifumo ya kisasa hazikuiepuka. Nchini Ireland, mpango wa taifa wa uchunguzi wa mlango wa kizazi ulirudia kusoma vipimo vya zamani vya wanawake waliokuja kuugua saratani. Kwa zaidi ya wanawake 200, usomaji mpya ulitofautiana na ule wa kwanza. Matokeo hayo yaliandikwa na yakahifadhiwa, lakini walio wengi hawakuambiwa. Jambo lilifichuka mwaka 2018 kupitia kesi ya Vicky Phelan, ambaye kipimo chake cha mwaka 2011 kilisomwa kuwa cha kawaida, naye akagundulika kuwa na saratani mwaka 2014. Alikuja kujua habari za usomaji ule mpya miaka mitatu baada ya kugundulika. Alifariki mwaka 2022, baada ya kuifanya nchi yake ijadili upya haki ya mgonjwa kuambiwa ukweli.

Huko daftari lilikuwepo, tena lilijazwa. Lililokosekana ni kukumbuka kwamba jibu si mali ya maabara, wala ya kituo, wala ya mpango wa taifa. Ni mali ya mwanamke mwenyewe. Kwetu hatari hii itaongezeka kadiri kipimo cha HPV kinavyoenea. Siki hutoa jibu mama akiwa bado kitandani. Kipimo cha HPV, hasa pale mwanamke anapochukua sampuli yake mwenyewe, jibu huja baadaye, wakati amekwisha kurudi shambani au sokoni. Bila anwani, simu na ridhaa ya namna atakavyotafutwa, tutakuwa na friji zilizojaa majibu yasiyo na wenyewe.

Kumpa mama jibu lake kwa maandishi kunadai pia busara. Si kila mama angependa kadi yake isomwe na mume, mkwe au jirani mwenye simu. Kwa anayeishi na VVU, hali yake haina sababu ya kutajwa waziwazi katika kadi ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu huo, na maadili ya taaluma yalitudai kabla yake. Muulize: “Mama, tukikutafuta, tumpigie nani, na tuseme nini?” Kisha uandike alivyojibu.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Kwa mhudumu: kabla ya kufunga rejesta, mstari wenye jibu lisilo la kawaida uwe na mambo manne. Kipimo gani kilifanyika. Kilionesha nini, kwa maneno. Nini kilifanywa siku hiyo, au kwa nini hakikufanywa. Na mama atarudi lini, wapi, na nani atamtafuta asiporudi. Aliyetibiwa naye ana tarehe yake: hupimwa tena baada ya miezi 12, na tarehe hiyo iandikwe siku ile ile ya matibabu.

Kwa kituo: siku moja kila mwezi, watu wawili wakae na rejesta na kalamu nyekundu, wazungushie mistari isiyofungwa, kisha wapige simu. Mtunza kumbukumbu awe mmoja wao, maana yeye ndiye anayeona mahali maneno ya madaktari yanapokatika. Na majibu ya patholojia yanayorudi yatafute faili la mama, yasiishie katika kasha la ofisi ya mganga mfawidhi.

Kwa mama, dada na shangazi mnaosoma makala haya: msiondoke kliniki na neno “chanya” peke yake. Ulizeni: nimepimwa kipimo gani? Kimeonesha nini? Je, hiyo ni saratani, au ni mabadiliko yanayoweza kutibiwa kabla hayajawa saratani? Nirudi lini? Ombeni muandikiwe, na karatasi hiyo muitunze mahali mnapotunza kadi za kliniki za watoto. Kadi hizo zimewahi kunusurika mafuriko na kuhama nyumba. Ya kwenu nayo inastahili heshima hiyo.

Nirudi kwa yule mama wa miaka 38. Doa lake, kama lingetibiwa wiki mbili baadaye, pengine lingechukua dakika chache za tiba mgando na mwezi mmoja wa kupona. Kilichohitajika kumrudisha hakikuwa mtambo mpya wala bingwa kutoka mbali. Ilikuwa tarehe moja, jina la jirani mwenye simu, na mtu wa kugeuza ukurasa mwishoni mwa mwezi na kuuliza: huyu yuko wapi?